Nukta nyekundu inapotea saa sita mchana: kabla hamjaagiza kilengeo kingine

Swali: "Jambo afande. Naongoza wawindaji wenye vibali huku Kiruhura, Uganda, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi ya Ziwa Mburo. Bunduki yangu ni ya bolti, kaliba .308, na juu yake kuna kilengeo cha nukta nyekundu chenye kipande cha sola na betri ya CR2032. Alfajiri nukta inawaka vizuri. Ikifika saa tano au sita, nikiwa chini ya mgunga nalenga nje kwenye nyasi kavu, siioni kabisa, au naona alama hafifu tu. Nimebadilisha betri, hali ni ile ile. Mwenzangu akitazama anasema anaiona kidogo. Bosi anasema taa imekufa, tuagize kingine. Wewe unasemaje?"

Jambo sana, ndugu yangu. Mwambie bosi afunge pochi kwanza. Taa iliyokufa haiwaki alfajiri, ikafa mchana, kisha ikafufuka kesho yake. Na katika barua yako maneno yenye uzito kuliko yote umeyapita haraka: "nikiwa chini ya mgunga nalenga nje." Nadhani ugonjwa wenyewe uko hapo, ila kuna mambo mawili matatu ya kuyaondoa njiani ndipo tuwe na hakika.

Kabla hujagusa kitu, bunduki iwe salama, na hapa sisemi kwa mazoea. Ukaguzi wa kilengeo una mtego wake: mtu akitaka kuona kama lenzi ya mbele ina vumbi, huzunguka mbele na kuchungulia, na kichwa chake kinakaa inchi chache juu ya mdomo wa mtutu. Kwa hiyo toa magazini, fungua bolti (kile chuma cha mpini kinachofunga chemba), kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, kisha chomoa bolti nzima uitie mfukoni. Risasi zibaki mahali pengine kabisa, si juu ya meza hiyo hiyo. Bunduki ya bolti ikishatolewa bolti haiwezi kufyatua, hata mtoto akivuta kifyatuo. Mwenye bunduki ambayo haimruhusu kufanya hivyo, afungue kilengeo kutoka kwenye reli akikague mkononi.

Sasa tuone hiyo nukta inatoka wapi. Ndani ya kilengeo, upande wa jicho lako, kuna taa ndogo sana ya LED inayomulika kuelekea mbele. Lenzi ya mbele imepakwa utando mwembamba unaorudisha rangi nyekundu na kuacha rangi nyingine zipite. Mwanga wa LED unagonga utando huo na kurudi kwenye jicho, ndipo unaona nukta ikielea kule mbali kwenye shabaha. Hakuna mwale unaotoka kwenda kwa mnyama. Hiyo ni leza, kifaa kingine. Maana yake ni kwamba nukta yako inashindana na mwanga unaotoka nyuma yake, yaani kwenye nyasi, kwenye ngozi ya mnyama, kwenye kichuguu. Nguvu ile ile ya taa inayokuchoma jicho alfajiri dhidi ya kichaka cheusi, saa sita inamezwa. Jua la utosini kwenye ikweta hufika kama lukisi 100,000 (lukisi ni kipimo cha mwanga), na nyasi za kiangazi, zile za Julai zilizopauka, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo moja kwa moja machoni mwako.

Kilengeo chenye sola mara nyingi kina hali ya otomatiki: kihisi kidogo kinapima mwanga, kisha kinaipandisha au kuishusha taa. Swali la kujiuliza ni hili: kinapima mwanga wa wapi? Kinapima mwanga unaokiangukia chenyewe, hapo ulipo wewe. Hakijui unatazama wapi. Ukiwa umekaa chini ya mgunga wenye kivuli kizito, kihisi kinasema "hapa pana giza kiasi," na kinaishusha taa. Jicho lako wakati huo huo liko nje, kwenye nyasi zinazowaka jua. Ni jambo lile lile la simu yako inayojipunguzia mwanga wa skrini ukiingia kibandani, ila simu unaitazama humo humo kibandani, wakati bunduki unaitazamia nje.

Kinyume chake hutokea pia. Ukisimama juani ukalenga ndani ya kichaka cheusi, kihisi kinaipandisha taa hadi mwisho, na nukta inavimba na kumfunika mnyama. Bila shaka umeshaliona hilo ukalipuuza, kwa sababu nukta kubwa haimtishi mtu. Ingekupasa kulilalamikia vilevile, maana ukiwa na nukta iliyovimba hujui katikati yake ni wapi.

Jaribio lake ni rahisi, na halitaki fundi. Saa sita mchana, bolti ikiwa mfukoni, laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga chini ya mti ule ule. Elekeza kwenye kichuguu kilichopo juani, mita hamsini hivi. Tazama nukta ilivyo hafifu. Kisha mwambie mwenzako asimame ubavuni mwako, si mbele, amulike tochi ya simu juu ya kihisi na kile kipande cha sola. Nukta ikiruka ghafla na kuwa kali, mmeshaona kwa macho yenu kwamba taa ina uwezo na haikuamriwa tu kuutumia.

Lakini usisherehekee bado, kwa sababu jaribio hilo lina tundu. Katika vilengeo vingi vya aina yako sola haifanyi kazi ya kihisi peke yake, bali inalisha taa umeme pia. Kwa hiyo tochi inaweza kuwa imeamsha taa kwa kuipa chakula ambacho betri imeshindwa kuipa. Ndiyo maana kuna jaribio la pili, la usiku. Ingia chumba chenye giza, weka kilengeo kwenye hali ya mkono, yaani ile unayorekebisha mwanga mwenyewe, ongeza mwanga hadi kitufe kigome, kisha tazama. Taa nzima yenye betri nzima, katika giza, kwenye nguvu ya mwisho, hukera jicho. Inatoa miale pembeni na unataka kugeuza uso. Ukiona hivyo, taa na betri vyote viko sawa na tatizo lako ni otomatiki. Ukiona nukta ya upole unayoweza kuitazama bila taabu, basi umeme haufiki au taa imechoka, na tutaendelea huko.

Mimi naweka fedha yangu kwenye jibu la kwanza. Alfajiri hakuna jua la kulisha sola, na bado unasema nukta inawaka vizuri. Betri iliyo hoi kabisa isingefanya hivyo.

Dawa, basi, ni kuhamia hali ya mkono. Kwenye vilengeo vingi vya vitufe ni kushikilia kitufe kimoja kwa sekunde kadhaa, lakini kipi na kwa muda gani kinategemea mfano, kwa hiyo tafuta kijitabu chake badala ya kubonyeza ovyo; vingine vina hali ya kufunga vitufe, na mtu akiingia huko bila kujua hudhani kifaa kimeganda. Angalia pia kama chako hurudi chenyewe kwenye otomatiki baada ya saa kadhaa au kikizimwa na kuwashwa. Vipo vinavyofanya hivyo kimyakimya. Mtu anaapa aliweka hali ya mkono jana, na kweli aliiweka.

Ukishakuwa kwenye hali ya mkono, usipandishe hadi juu ukaacha hapo. Lenga mahali penye mwanga mkali kuliko pote unapotarajia kupiga siku hiyo, ongeza ngazi moja moja mpaka nukta ionekane ya duara na safi, kisha acha. Nukta ya MOA 2 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe) inafunika kama sentimita sita kwa mita mia. Ikivimba kwa mwanga mwingi inaweza kufunika mara mbili ya hapo, na bega la swala halikupi nafasi kubwa ya kukosea. Jioni jua likishuka, punguza. Kazi ya vidole viwili, na mwongozaji mzuri huifanya kila anapoingia au kutoka kwenye kivuli bila hata kufikiri.

Kwa wasomaji wengine ambao vilengeo vyao havina otomatiki: msisahau ngazi za chini. Aimpoint Micro T-2, kwa mfano, ina ngazi 12, na nne za mwanzo ni za miwani ya kuonea usiku. Jicho tupu mchana halioni kitu kwenye ngazi hizo. Bunduki inayopita mikononi mwa watu watatu hukutwa hapo mara kwa mara, na mwenye kuishika anaripoti "taa imekufa." Zungusha kifundo kabla ya kuripoti.

Turudi kwenye betri, maana umesema umebadilisha lakini hukusema ulinunua nini. CR2032 ni ile bapa ya rimoti ya gari na ya kompyuta: milimita 20 upana, 3.2 unene. Ndugu yake CR2025 ina unene wa 2.5, inaingia vizuri, kifuniko kinafunga, na inagusa au haigusi kadiri inavyotaka yenyewe. Soma maandishi mgongoni. Pili, kampuni kadhaa siku hizi hupaka betri hizi kitu kichungu ili mtoto asimeze. Jambo jema, kwa sababu betri ya namna hii ikikwama kooni huunguza vibaya, na tafadhali zile za zamani usiziache mezani. Ila utando huo wakati mwingine huzuia mguso kwenye vifaa vyenye springi laini. Futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke, rudisha. Tatu, usiweke LIR2032, ile ya kuchaji. Umbo ni lile lile, lakini ikijaa hufika volti 4.2 wakati kifaa kimetengenezwa kwa 3.

Ukiwa na mita ya umeme, betri mpya husoma volti 3.2 au 3.3. Ikisoma chini ya 3.0 itupe, hata kama iko ndani ya pakiti. Nimeona pakiti zilizofungwa vizuri kabisa zikiwa na betri zilizokaa juani dirishani mwa duka hadi zikaisha. Na hata 3.1 inaweza kudanganya, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Iwashe kwenye kilengeo nguvu ya mwisho dakika chache, itoe, ipime hapo hapo.

Betri ikiwa njema na chumba cha giza bado kinakupa nukta ya upole, fungua kifuniko utazame kwa makini. Bunduki yako inasafiri kwenye barabara za murram, na vumbi lile jekundu huingia kwenye nyuzi za kifuniko, likakutana na jasho na unyevu wa asubuhi, likawa tope jembamba juu ya springi. Wakati mwingine utaona ukungu wa kijani au mweupe, hiyo ni kutu ya mguso. Kijiti chenye pamba na spiriti kinatosha kwa tope. Kwa kutu sugua taratibu kwa raba ya penseli, si kwa kisu wala msasa, kisha puliza mabaki. Angalia mpira wa kuzuia maji. Ukiwa umepasuka ndio mlango wa maji. Dalili inayotofautisha mguso mbaya na mambo mengine ni kwamba nukta hucheza. Gonga ubavu wa kilengeo kwa kidole: ikipepesa, ni mguso. Ikibaki hafifu bila kucheza, tafuta kwingine.

Lenzi usizipe lawama kubwa, ila zisafishe. Vumbi la murram likishika lenzi ya mbele linatawanya jua ndani ya kilengeo, na nukta inapotea kwenye weupe huo. Puliza kwanza, kisha brashi laini, kisha kitambaa cha lenzi chenye tone la maji ya lenzi. Atakayeanza kwa kusugua kwa fulana anasaga mchanga juu ya utando ule mwembamba, na utando ukichubuka nukta inapungua milele, kwa sababu ndio unaoirudisha kwako. Ukiona ukungu ndani, usioondoka kwa kufuta, mpira umevuja na ile gesi ya naitrojeni waliyojaza kiwandani imetoka. Usifungue. Wenzetu wa upande wa Kibale na Rwenzori, ambako unyevu hauishi, wataona pia nyuzi nyuzi za kuvu kwenye lenzi. Huko kilengeo kisihifadhiwe kwenye sanduku lenye sponji iliyolowa.

Joto nalo. LED nyekundu hupunguza mwanga inapopata moto, na kilengeo cheusi kilicholala mbele ya kioo cha gari tangu saa tatu kinakuwa moto usioweza kukishika. Hiyo peke yake haitakuzimia nukta, lakini ikijumlishwa na kivuli cha mgunga na nyasi nyeupe, inachangia. Funika bunduki kwa kitambaa cha rangi nyepesi.

Umesema mwenzako anaiona kidogo wakati wewe huioni, na hilo sitaki lipite. Je, wewe unavaa miwani ya jua na yeye havai? Miwani yenye rangi ya kijani au buluu hukata nyekundu kwanza. Ivue ujaribu. Kama haukuvaa, basi inawezekana macho yenu hayako sawa. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hupokea nyekundu kwa uchache. Huishi miaka bila kujua mpaka siku wanapotazama kitu kama hiki. Na mwenye kasoro ya umbo la jicho huona nukta imekwaruzika, ina mkia au imekuwa mbili, hivyo mwanga ule ule umetawanywa eneo kubwa na unaonekana dhaifu. Weka simu nyuma ya kilengeo upige picha ya nukta. Ikiwa kwenye picha ni duara safi na wewe unaona mkia, nenda kwa daktari wa macho Mbarara. Kilengeo hakina kosa.

Kwa mwenye kilengeo kisicho na mahali pa betri kabisa, mfano ACOG nyingi za Trijicon, habari ni nyingine. Mchana zinakusanya mwanga kwa uzi maalumu unaopitisha mwanga, usiku zinategemea tritiamu, gesi ya mionzi inayowasha nukta bila betri, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12.3. Iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kuwa imeshapoteza zaidi ya nusu, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha. Usiifungue kutafuta.

Tuseme sasa umefanya yote: betri mpya ya kweli, miguso safi, hali ya mkono, chumba cha giza, na nukta bado ni ya upole. Hapo bosi ana haki, LED imechoka au saketi yake ina hitilafu. Kama dhamana haijaisha, rudisha kilengeo peke yake. Bunduki ibaki ghalani na leseni yake. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya 1970 silaha haizunguki mjini mikononi mwa fundi simu, na kwa kilengeo kibovu haina sababu ya kutoka. Kabla ya kuagiza au kutuma chochote nje ya nchi, ongea na ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni yenu, mpate jibu la maandishi.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau wakishafurahi kuona nukta imerudi: kama ulikitoa kilengeo kwenye reli, ziro yako, yaani ulinganifu wa nukta na mahali risasi inapogonga, haiaminiki tena. Kaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu, zipige mstari wa rangi ya kucha ili uone zikilegea, kisha nenda uwanjani. Anza mita 25 kwenye karatasi, halafu mita mia, makundi ya risasi tatu tatu. MOA moja ni sentimita 2.9 kwa mita mia, na vilengeo vingi husogea MOA moja au nusu kwa kila mlio wa kifundo cha kurekebishia. Kama hukukitoa, piga hata hivyo kundi moja la kuthibitisha kabla ya kwenda na mteja.

Na kama itabidi kununua, chagua chenye vitufe au kifundo cha mkono kinachokumbuka ngazi uliyoiacha, chenye ngazi nyingi za mchana, na ambacho taa yake imefungwa ndani ya kioo mbele na nyuma. Vile vya kidirisha kimoja, taa yake iko wazi. Tone la maji au punje ya murram ikitua juu yake nukta inakatika. Watakuuzia cha kijani kwa maneno kwamba jicho linaiona kijani kwa urahisi zaidi. Ni kweli linaiona, lakini hula betri zaidi, na Aprili mvua zikishapiga, nchi yote ya Mburo ni kijani. Mimi ningebaki na nyekundu, na nisingeondoa vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki, hata muuzaji akisema vinaharibu sura. Unamfuata mnyama aliyejeruhiwa ndani ya kichaka. Nukta ikikatika hapo, unahitaji kitu kisicho na betri mbele ya jicho lako.